Reli Mbili Sebuleni kwa Bibi

Juzi nilisimama kwa fundi simu nikisubiri anibadilishie tundu la chaji. Kijana alipogusisha lehemu kwenye ncha ya moto, uzi wa moshi ukapanda hadi puani kwangu. Ni harufu yenye ukali kidogo, kama utomvu unaoungua juu ya bati. Wengine wangekumbuka redio ya nyumbani ikitengenezwa. Mimi niliwaona wanaume wawili wazima, wenye wake na watoto, wamepiga magoti kwenye sebule ya mama yao mgonjwa, makalio juu, wakibishania treni ya kuchezea. Fundi akaniuliza, "Dada, mbona unacheka?" Nikamwambia sicheki. Na kweli, kilichokuwa usoni kwangu hakikuwa kicheko.

Mmoja wa wanaume hao alikuwa baba yangu. Alikuwa mwalimu mkuu msaidizi wa shule moja ya msingi pale Shinyanga mjini, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mama yangu mzazi. Wa pili alikuwa mdogo wake, Luhende, ambaye sisi watoto tulimwita Baba mdogo. Yeye alinunua dhahabu kwa wachimbaji wa Geita, na alikaa Kalangalala, kulekule Geita, kwenye nyumba iliyosimamishiwa nguzo nne nene upande wa mbele. Nguzo zile hazikubeba chochote. Paa liliishia nyuma yake, zenyewe zikabaki zimesimama juani kama wageni ambao hawajakaribishwa ndani.

Walizaliwa kwenye kota za reli, kwa baba aliyefanya kazi katika genge la kutengeneza njia. Utotoni walitengeneza treni kwa makopo ya samaki, wakazikokota kwa kamba kando ya mataruma. Siwacheki kwa hilo. Watoto wote wa kota walifanya hivyo. Nawacheka kwa sababu hawakuacha.

Mwalimu alikuwa na reli yake kwenye stoo yetu. Alikuwa amepanga mbao juu ya mapipa, akajenga juu yake mji mzima: stesheni ya maboksi, mnara wa maji wa kopo la maziwa, daraja la spoku za baiskeli. Reli zenyewe alizikata kutoka madebe ya mafuta ya kula, akazilehemu kwenye misumari, kipande kwa kipande, likizo baada ya likizo. Kichwa cha treni kiliendeshwa na mota aliyoing'oa kwenye redio kaseti ya mama yangu bila kumuuliza. Aliiita zana ya kufundishia. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuletwa kuiona. Mimi niliruhusiwa kushika tochi, na nilijiona nimepewa cheo kikubwa.

Baba mdogo alipopata habari za zana hiyo, aliagiza treni ya dukani, ya umeme, iliyokuja ndani ya maboksi kutoka ng'ambo. Akaitandaza sebuleni kwake ili wachimbaji wanaosubiri kupimiwa dhahabu waitazame. Ilikuwa na taa ndogo, ilipiga honi, na kwenye stesheni yake walisimama watu wadogo wa plastiki wamevaa makoti mazito. Paa la stesheni lilikuwa limejaa theluji. Theluji, Geita! Wachimbaji waliotoka kwenye mashimo, vumbi jekundu hadi kwenye kope, walikaa kwenye makochi yaliyofunikwa nailoni wakiangalia theluji.

Ndugu hawa walikuwa hawasemeshani. Sababu yake nitaisema, ingawa naona haya kuitamka: kwenye mazishi ya babu, Baba mdogo alishika kipaza sauti kabla ya kaka yake mkubwa. Basi. Si shamba, si ng'ombe, si mwanamke. Kwa ajili ya kipaza sauti waliacha kujuliana hali miaka na miaka, na kila mmoja akawa anapata habari za mwenzake kupitia kwa mama yao, Bibi yangu, aliyeishi kijijini nje kidogo ya Kahama, katikati ya safari ya kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

"Mayu, mwambie Luhende nimeongeza daraja," Mwalimu alikuwa akimwambia kwenye simu. Mayu ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama.

"Daraja?" Bibi angeuliza. "La mto gani, mwanangu?"

Kati ya wanaume hao alizaliwa mwanamke mmoja, shangazi yangu Nyamizi. Mumewe alifukiwa kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilipoporomoka wakati wa mvua. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Baada ya matanga wakwe zake walimwambia arudi kwao, akarudi, na huko kwao kila kaka akaona mwenzake ndiye mwenye nafasi. Mwenye nguzo nne alisema nyumba yake ni ya biashara, haifai kwa mjane. Baba yangu alisema nyumba yetu ni ndogo, na stoo, kama mnavyojua, ilikuwa imejaa. Shangazi akaenda kwa Bibi. Akawa analima, anauza karanga, na Bibi alipoanza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, yeye ndiye aliyemwogesha.

Jumapili moja mchana simu ya Mwalimu iliita tukiwa bado mezani. Alikuwa Shangazi. Alisema Bibi ana neno na wanawe wote wawili, na kwamba yeye mwenyewe ameshika simu mbili, moja kila mkono, kaka zake wote waweke sauti ya nje. Mwalimu akaiweka simu katikati ya meza, karibu na bakuli la mlenda. Upande wa pili tulimsikia Baba mdogo akikohoa kule Geita, na baba yangu, aliposikia kikohozi kile, akajinyoosha kwenye kiti kana kwamba mkaguzi ameingia darasani.

Bibi alizungumza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alisema, "Wanangu, mimi safari yangu imekaribia. Nataka njia zenu ziungane. Nizione zimeungana kwa macho yangu, kabla sijaondoka. Nyamizi asije akabaki katikati."

 Kisha Baba mdogo akasema, "Sawa, Mayu," na baba yangu, asije akapitwa, akasema sawa kwa sauti kubwa zaidi.

Nilikuwa darasa la tatu. Nyumbani kwetu neno "njia" lilikuwa na maana moja tu, ndilo Mwalimu alilotumia kwa reli zake: usiikanyage njia, njia imepinda, nishikie tochi hapa njiani. Kwa hiyo nilielewa kwamba Bibi, akiwa mgonjwa, ametamani kuona treni ya baba na treni ya Baba mdogo zikipita kwenye reli moja. Niliona ni tamaa nzuri sana. Hata mimi nilikuwa nayo. Niliruka kutoka mezani nikakimbilia stoo kuchukua tochi, na nilipofika nilimkuta Mwalimu amenitangulia, ameinama, futi kamba mkononi.

Mama alikuja akasimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni.

"Mwalimu," alisema, "mama hakusema hayo."

"Amesema njia."

"Amesema njia, ndiyo."

"Basi."

Mama alirudi kwenye vyombo vyake. Mimi nilidhani ana wivu wa treni.

Nimelifikiria jambo hili ukubwani, nimeligeuza kila upande, na kila mara narudi palepale. Mimi nilikuwa mtoto. Nilipotoshwa na neno moja kwa sababu sikuwa na maneno mengi. Wao walikuwa na udhuru gani? Mmoja alifundisha Kiswahili, mafumbo na methali, akiwachapa watoto walioshindwa kueleza maana. Mwingine aliweza kumtazama mtu machoni akajua kama dhahabu yake imechanganywa na shaba. Walielewa vizuri sana alichotaka mama yao. Ila kuunganisha mabati kulikuwa rahisi kuliko kuomba msamaha, na rahisi zaidi kuliko kumpa dada yao chumba.

Shule zilipofungwa tulipakia reli ya Mwalimu kwenye kenta, tukaifunika turubai na magodoro, tukaenda Kahama polepole kama tunaosafirisha mgonjwa. Baba mdogo alikuwa amefika kabla yetu, na gari lake kubwa na pikapu iliyobeba maboksi na jenereta. Nilikaa chonjo kuona ndugu wawili wasiosemeshana watakavyosalimiana. Niliwazia watakumbatiana, labda watalia.

"Shikamoo kaka," alisema Baba mdogo. "Yako ina upana gani?"

"Marahaba. Pima mwenyewe," alijibu baba yangu.

Nyumba ya Bibi ilikuwa na sebule, vyumba viwili, na chumba kidogo cha nyuma cha kuhifadhia karanga. Shangazi alikuwa ameweka kitanda cha Bibi sebuleni, chini ya dirisha, kwa sababu pale ndipo palipopita hewa, na kwa sababu Bibi aliweza kuwaona wapita njia na kuwajibu salamu. Siku nzima ungemsikia: "Mwadila!" Mtu kule nje naye, "Mwadila, Mayu!" Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake, naamini kuliko vile vidonge vya hospitali.

Mbao za reli, zilizoinuliwa kidogo juu ya matofali, zilihitaji sebule yote. Hawakushauriana hata dakika moja. Kwa mara ya kwanza tangu babu azikwe, wana wawili walishika kazi moja, mmoja kichwani na mwingine miguuni, wakakiinua kitanda, wakakipeleka kwenye chumba cha karanga. Chumba kile kilikuwa na kitundu cha hewa kisichozidi ukubwa wa tofali. Bibi alikuwa amekaa kibarazani ametandikiwa ngozi, akaona kitanda chake kikipita, akasema, "Wabeja, wanangu." Asanteni. Alisema hivyo kwa kila kitu, hata kwa sindano.

Shangazi Nyamizi alitoka jikoni na kuwafuata hadi mlangoni. "Kaka, humo hamna hewa."

"Ni siku chache tu," alisema Mwalimu. "Na hii kazi tunaifanya kwa ajili yake."

Kazi ikaanza, na mara moja ikagoma. Reli ya dukani ilikuwa nyembamba, ya Mwalimu pana. Walizigusanisha ncha kwa ncha, wakarudi nyuma, wakatazama, kila mmoja akitikisa kichwa kwa ajili ya kosa la mwenzake. "Hazioani," alisema Baba mdogo. Neno hilo lilinishtua. Nilikimbilia jikoni kumuuliza Shangazi kama reli nazo huwa zinaoana.

Alikuwa anapembua mchele. Alicheka hadi akauweka ungo chini. "Mwanangu," alisema, "baba zako hawa wangepata padri wa kuwafungisha ndoa na reli, wangezioa."

Suluhisho walilolipata lilikuwa kulehemu reli ya tatu ndani ya njia ya Mwalimu, ili treni ya Baba mdogo iweze kupita juu ya mbao zote. Treni ya Mwalimu, kwa kuwa ni pana, isingeweza kuingia upande wa pili. Jambo hili liliwachukua siku nyingi za kununiana. Baba yangu alisema haiwezekani mdogo aingie kwa mkubwa kama anavyotaka, halafu mkubwa aishie mpakani. Baba mdogo alisema si kosa lake kama mtu ametengeneza kichwa cha treni kipana kama karai. Wakahamia kwenye kibao cha stesheni ya katikati. Wote walitaka kiandikwe jina la mama yao. Waligombania nani akiandike. Mama yangu, aliyekuwa akipita na ndoo ya nguo za mgonjwa, aliwaambia, "Mwenye jina yuko chumba cha karanga. Muulizeni anapenda mwandiko wa nani." Walimpisha apite na ndoo yake, kisha wakaendelea.

Na jenereta. Kijijini hapakuwa na umeme, kwa hiyo jenereta ilinguruma tangu asubuhi, nyuma ya nyumba, chini kabisa ya kile kitundu cha hewa. Shangazi aliomba isogezwe. Wakamwambia waya haufiki. Akaomba izimwe wakati Bibi amelala. Wakamwambia hawawezi kulehemu gizani, ingawa jua lilikuwa limewaka hadi kuku wamejificha chini ya ghala. Mwishowe alichukua kanga yake, akaziba kitundu chote moshi usiingie, akakaa ndani na mama yake katika joto lile, akimpepea kwa mfuniko wa sufuria. Mimi nilipita pale nikiwa nimebeba betri za Mwalimu. Niliwasikia wanaongea Kisukuma taratibu na kucheka. Nilifurahi kwamba wote wana furaha.

Siku ya uzinduzi, ndiyo, waliiita uzinduzi, walichinja mbuzi. Walialikwa mwenyekiti wa kijiji, katekista, majirani, na wanunuzi wenzake wawili wa Baba mdogo waliovaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Sebule ilijaa hadi watu wakachungulia dirishani. Baba mdogo alikuwa ameleta kipaza sauti. Katika chumba ambamo mtu akipiga chafya kila mmoja anarukiwa na mate, alileta kipaza sauti na spika, na alikishika yeye kwanza. Nilimwona baba yangu akibana taya. Nikajua, hata kwa akili yangu ya utoto, kwamba jambo fulani limeharibika pale, ila nilifikiri labda ni betri.

Bibi aliletwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, Mama na Shangazi wakikibeba. Alikuwa amekonda, vitenge vimekuwa vingi kuliko mwili. Walimweka mbele, na mimi nikajipenyeza nikachuchumaa miguuni pake. Mkononi alikuwa ameshika karanga chache za kuchemsha, alizokuwa akizimenya tu bila kula.

Baba mdogo alisema kwenye kipaza sauti kwamba mama alitaka njia ziungane, na wao kama watoto watiifu wameziunganisha. Watu wakapiga makofi. Treni ikaanza. Ilitoka kwenye theluji, ikapita ile reli ya tatu, ikaingia kwenye mji wa maboksi wa Mwalimu, ikavuka daraja la spoku na kurudi. Lazima niseme ukweli, ilipendeza. Kijana mmoja dirishani alipiga mluzi. Hata Bibi aliifuata kwa macho mzunguko mzima.

Kisha akauliza, "Na Nyamizi je?"

"Nyamizi yupo, Mayu," alisema baba yangu. "Amerudi jikoni."

"Nimeuliza, Nyamizi atapanda gari lipi? La kwako au la Luhende?"

Baba mdogo aliinama akamsemesha kama mtoto. "Mayu, haya si ya kupanda watu. Ni madogo."

Bibi alimtazama. Kisha akaushusha mkono wake, akanipa karanga moja. "Mjukuu wangu, huyu ndiye Nyamizi," alisema. "Mpandishe."

Nilimtii kwa moyo wote. Treni ilipofika mbele yangu niliiweka karanga ile kwenye behewa la nyuma, lililokuwa wazi, na nikasimama kuiangalia. Ilipita salama mbele ya watu wa makoti. Ilipofika kwenye kiungo, pale lehemu ilipokuwa imevimba kidogo, behewa likaruka, likaacha njia, likalala ubavu. Karanga ikabingirika hadi ukingoni mwa ubao, ikaanguka chini ya mbao.

"Nani kaweka karanga?" alifoka Mwalimu.

"Si karanga," nilisema. "Ni Shangazi. Bibi kasema."

  Nilimtazama baba yangu, nikaona masikio yake yamebadilika rangi, na nilidhani amekasirikia lehemu yake. Nilijilaumu kwa kupandisha karanga nzito. Nikaapa moyoni kwamba mara ya pili nitatafuta nyepesi zaidi.

Kisha Baba mdogo akacheka kwenye kipaza sauti. "Jamani, uzee una mambo!" alisema, na wale wa miwani myeusi wakacheka, na wengine wakafuata, kama watu wanaopokea mzigo usio wao ili mwenyewe asione aibu.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, sijui tangu saa ngapi. Alipita katikati ya wageni, akainama, akaingiza mkono chini ya mbao. Akaiokota ile karanga, akaipuliza vumbi, akaitia mdomoni. Akaitafuna bila haraka huku akiwatazama kaka zake, mmoja baada ya mwingine. Halafu akarudi kwenye wali wake.

Bibi alicheka. Ni siku pekee ya ugonjwa ule niliyomwona akicheka hadi mabega yanatikisika. Kisha akaomba arudishwe kitandani, na wanawe hawakuona akiondoka, kwa sababu walikuwa wameinama tena juu ya kiungo, moshi wa lehemu ukipanda kati ya vichwa vyao viwili, kila mmoja akimwambia mwenzake, nilikwambia.

Alifariki kabla shule hazijafunguliwa. Ilikuwa asubuhi, Shangazi akiwa amemshika mkono. Na hapa ndipo dharau yangu, ambayo mpaka sasa nimeweza kuitawala, inanishinda. Jeneza lenye mwili wake liliporudi kutoka mochwari ya Kahama lilitakiwa kuwekwa sebuleni watu wamuage. Sebuleni palikuwa na reli. Ilibidi zitenganishwe, lakini ile reli ya tatu ilikuwa imelehemiwa huku na huku, na kila mmoja aliogopa mwenzake asimharibie. Mwalimu alisema zikatwe upande wa Luhende. Luhende alisema yake ni ya gharama, zikatwe kwa Mwalimu. Walibishana kwa kunong'ona, kwa heshima ya msiba, mmoja ameshika msumeno wa chuma na mwingine mkasi wa bati, na mama yao nje kibarazani, ndani ya sanduku, juu ya mabenchi mawili, akisubiri chumba.

Wanawake walikuwa wanaimba. Mama yangu aliacha kuimba. Aliingia, akamnyang'anya Mwalimu msumeno, akakata mahali mkono wake ulipoangukia.

Baada ya mazishi kikaitwa kikao cha ukoo. Nilikaa mkekani, kichwa kwenye mapaja ya Mama. Ndugu walikuwa wamekubaliana tayari, na kwa mara ya kwanza walizungumza kwa sauti moja. Wafanyakazi wa mgodini walikuwa wakitafuta nyumba za kupanga huku nje ya mji, na mgodi wenyewe wa Buzwagi haukuwa mbali. Nyumba ya Bibi ingepangishwa. Mwalimu, aliyejua sarufi, alisema kuhusu dada yake, "Naye atatafutiwa pa kwenda."

"Na nani?" aliuliza Mama.

"Nini?"

"Atatafutiwa na nani, Mwalimu?"

Wazee walitazama ardhi. Baba mdogo alisema wanawake wasubiri kikao kiishe. Ndipo Shangazi Nyamizi aliposimama. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Kaka zangu, msihangaike," alisema. "Mimi si mzigo wenu tena tangu juzi. Aliyekuwa ananihitaji tumemzika."

Alikwenda jikoni. Tulimsikia akichomoa kuni motoni na kuzimwagia maji. Akatoka na sufuria zake mbili kubwa, moja ndani ya nyingine, mwiko juu, na furushi la nguo. Mama aliniinua, akanivalisha viatu, akabeba gunia la unga tulilokuja nalo.

Baba yangu alitufuata hadi barabarani. "Mnakwenda wapi? Watu wa matanga hawajala!"

"Watu wako, Mwalimu," alisema Mama bila kugeuka.

Nilipotazama nyuma niliwaona wote wawili wamesimama mbele ya nyumba, mmoja mrefu na mmoja mnene, wakitazama moshi wa jikoni ukiisha. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walipojiuliza chakula hutoka wapi.

Shangazi alikaa kwetu miezi kadhaa, akilala chumbani kwangu, akinifundisha kusuka na kumcheka Mwalimu kwa siri. Baba hakuthubutu kusema neno. Kisha siku moja akaaga, akaenda Maganzo, kwenye ile barabara ambako vijana wa almasi hukaa wakingoja bahati na madalali hukaa wakiwangoja vijana. Alianza na chai na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, chini ya kibanda cha maturubai. Akaongeza wali. Akaongeza nyama. Leo ana mgahawa wa tofali, wasichana wa kumsaidia, na vyumba vitatu nyuma alivyojenga kimoja kimoja bila kumwomba mtu msumari.

Kaka zake wamezeeka. Baba mdogo aliuziwa shaba na mtu aliyemtazama machoni kama yeye alivyokuwa akiwatazama wengine, na biashara ikafa. Mwalimu alistaafu na hana wa kumfokea. Siku hizi ni marafiki wakubwa. Husafiri pamoja kwenda kutazama ujenzi wa reli mpya, wakikosoa madaraja ambayo hakuna aliyewaomba ushauri, na wakichoka hupitia Maganzo.

Mara ya mwisho nilikuwepo. Waliingia saa ya chakula cha mchana, mgahawa umejaa wachimbaji, wakanipa mikono yao niwaamkie, nikawaamkia. Waliketi kwenye benchi karibu na mlango, wakanawa mikono bila kuulizwa kama wamealikwa. Nilimfuata Shangazi jikoni. Nilimwambia, kwa Kisukuma ili wasichana wa kutoka pwani wasisikie, kwamba sielewi kwa nini anawalisha watu hawa.

"Wana njaa," alisema.

"Shangazi, hawa hawakustahili hata ukoko."

Alifunua sufuria akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. Msichana mmoja akaja mbio kuchukua sahani mbili za wazee wa mlangoni, zilizokuwa zimeshapakuliwa. Shangazi akamshika mkono, akazirudisha sahani mezani, akamwelekeza kwenye vijana waliotoka shimoni.

"Wateja kwanza," alisema.

Kutoka pale jikoni niliwaona. Walikuwa wamekaa wima, wameinua mikono yao mbele ya vifua kama watu wanavyofanya wakishanawa, ili wasiguse kitu. Sahani ilipita mbele yao, na nyingine, na nyingine. Maji yalikuwa yanawakaukia viganjani, na hakuna kati yao aliyethubutu kuita.